Shingo Ngumu ya Etyang

Kamera ya kwanza Etyang aliing'oa kwa mkono. Hakutafuta bisibisi wala spana. Aliishika pale ilipofungwa juu ya dashibodi, akaisokota kama anayenyonga kuku, nyaya zikachomoka, akaenda kuitupa mezani mbele ya Egesa.

"Chukua mdudu wako, boss. Mimi siendeshi lori nikichungwa kama mwizi."

Egesa, mwenye malori, hakuinua hata kichwa. Yadi yake ilikuwa Busia, upande wa kutokea Mundika, na magari yake yalibeba chumvi na simiti hadi Kampala kupitia Malaba. Mwaka huo wa tisini na nane, mvua ya Elinino ilikuwa imeitafuna barabara yote, na malori yake mawili yalikuwa yameanguka mtaroni, moja baada ya jingine. Watu wa bima walikuwa wamemchoka. Kwa hiyo alipokuja binti mmoja wa Port Victoria aliyesomea kompyuta ng'ambo, akasema anaweza kujua dereva gani anatazama barabara na dereva gani hatazami, Egesa alimpa chumba nyuma ya stoo siku hiyo hiyo.

"Hiyo kamera itarudi pale ilikuwa," Egesa alisema. "Hutaki, weka funguo hapa. Wenye kutaka kazi wamejaa nje ya geti."

Etyang alisimama akipumua kwa nguvu. Funguo zilikuwa mkononi. Aliziangalia, kisha akazirudisha mfukoni, akatoka. Madereva wenzake waliokuwa wakimtegemea agome ili nao wagome walimtazama akipita, na tangu hapo wakaanza kumcheka.

Hawakujua kilichomrudisha nyuma. Etyang hakuogopa kukosa kazi peke yake. Aliogopa mtu kujiuliza kwa nini yeye, dereva wa miaka mingi asiyelewa wala kulala kwenye usukani, aliichukia kamera kuliko walevi.

Binti wa kompyuta aliitwa Loise Amondi. Aliwakusanya madereva asubuhi iliyofuata, amesimama kwenye ngazi ya stoo, mrefu, mkavu, asiye na tabasamu hata la kuombea maji.

"Kamera inawapiga picha mkiendesha," alisema. "Kanda ikirudi, naiingiza kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe haijui jicho ni nini, haijui barabara ni nini. Mimi nimekaa nayo nikaionyesha picha nyingi sana za madereva. Kila picha nimeiambia: huyu anatazama barabara, huyu hatazami. Ikikosea naisahihisha. Sasa ukiipa picha ya mtu mpya, inakisia yenyewe, na haikosei sana."

"Na nani alikufundisha wewe lori?" Etyang aliuliza.

Wenzake wakaangua kicheko. Loise alingoja kikaisha.

"Mama yangu aligongwa hapo Mundika, akitembea kando ya barabara na mzigo wake," alisema. "Dereva alisimama kortini akasema, 'Sikumwona.' Neno moja tu, akaenda nyumbani. Nimesoma miaka yote hii ili dereva akisema hivyo tena, kuwe na kitu cha kumjibu. Swali lingine?"

Madereva walianza kutawanyika. Lakini chuki ilikuwa imeshamwagika kama dizeli, na kila mtu aliikanyaga.

Jicho la kushoto la Etyang lilikuwa limekufa. Waya wa kufungia turubai ulikatika wakati anaukaza kwenye foleni ya Malaba, ukamchapa usoni. Alipangusa damu, akanunua dawa ya matone kwenye duka, akangoja. Jicho lilipona kwa nje. Kwa ndani likaingia ukungu, ukungu ukawa giza. Malori ya kwetu usukani uko kulia, na kushoto kwa dereva ndiko kwenye ukingo wa barabara, ndiko wapitako kina mama na mizigo, mbuzi, na boda boda na baiskeli zao. Upande huo wote Etyang hakuuona.

Aliyejua ni mmoja tu: Opolot, ndugu wa mke wake, ambaye alikuwa taniboi wake, msaidizi wake kwenye lori. Walikuwa wametengeneza desturi. Etyang aligeuza shingo yote kila mara, akaleta jicho zima upande wa kushoto, kisha akarudi. Pale penye watu wengi, Opolot alimsaidia kwa mdomo. "Kushoto safi, shemeji. Kuna baiskeli mbili. Safi." Kwa namna hiyo walikuwa wamefika Kampala na kurudi mara nyingi bila kumgusa hata kuku, na Etyang alikuwa amejishawishi kwamba jicho moja linalojali ni bora kuliko mawili yanayozurura.

Kanda za kwanza ziliporudi, Egesa aliwaita wote akasoma majibu kwa sauti. Okwara, ambaye hutafuna miraa kuanzia getini na kuitumbulia barabara macho kama samaki wa sokoni, hata akipita mji bila kujua ameupita, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mashine ilisema haondoi macho barabarani.

"Wa mwisho, Etyang," Egesa alisoma. "Mashine inasema karibu nusu ya safari unaangalia pembeni. Unapiga porojo na shemeji yako. Nusu ya safari, bwana! Gari yangu inajiendesha?"

"Hiyo mashine ni mwongo."

"Mashine haina shemeji," Okwara alidakia, na yadi nzima ikacheka.

"Kanda moja tu," Egesa alisema. "Kanda moja mbaya tena, unaenda kuendesha punda."

Etyang alitoka pale masikio yanamuuma kwa hasira. Alikuwa amesingiziwa, na akijua amesingiziwa. Kule kugeuka ndiko kulikookoa watu. Lakini angejitetea vipi? Angesema sigeuki kwa porojo, nageuka kwa sababu sioni? Mdomo ambao ungeiumbua mashine ndio ungemfukuza kazi. Alimweleza hivyo Opolot walipokuwa wanafunga mzigo.

"Basi wape wanachotaka," Opolot alisema. "Wewe kaza shingo mbele. Kushoto mimi nitakuambia yote."

Ndivyo walivyoondoka Busia asubuhi ile kwenda Malaba. Etyang alikaza shingo kama aliyefungwa mti mgongoni. Kamera ikimtazama, naye akitazama lami. Kila mara shingo ilitaka kugeuka yenyewe, kwa mazoea, akaizuia hata mishipa ikauma. Opolot alisema, "Safi. Mama na mtungi. Safi. Baiskeli, iko mbali. Safi." Ilikuwa kazi ngumu kusema bila kupumzika. Walipokaribia Adungosi, karatasi za forodha zikateleza kutoka kwenye kiti zikaanguka chini. Opolot akainama kuziokota.

Ukimya ule Etyang aliusikia. Alijua hasa kwamba ulikuwa ukimya wa mtu asiyeangalia. Angeweza kugeuka. Alifikiria kamera, akamfikiria Okwara akicheka, akasema moyoni kwamba ni kitambo kidogo tu.

Kitu kiligonga upande wa kushoto, si kwa kishindo, kama mtu abishaye hodi kwenye bati. Opolot aliinuka akapiga yowe.

Walipata baiskeli imekunjamana chini ya ukingo, na mtu wake kwenye mtaro, ameushika mkono ambao ulikuwa umeelekea mahali mikono haielekei. Mtu huyo aliitwa Bwire, boda boda wa Adungosi, aliyekuwa akirudi kituoni bila abiria. Hakulia. Alimtazama Etyang tu, akasema, "Nilikuwa kwa ukingo kabisa. Kwa ukingo kabisa, wewe mzee!"

Waendesha baiskeli wenzake walifika haraka kuliko alivyotarajia. Jiwe la kwanza lilipiga kioo cha pembeni, la pili likampata Opolot begani. "Mchomeni na lori lake!" mtu alipaza sauti. Etyang na Opolot walipanda wakakimbia na gari hadi polisi wa Malaba, na mawe yakawasindikiza.

Kilichofuata kilimshangaza Etyang kuliko ajali yenyewe. Loise aliiweka kanda ile kwenye kompyuta, na mashine ikasema haijapata kuona safari nzuri kama ile. Dereva hakuondoa macho barabarani tangu Busia hadi pigo. Egesa aliibeba kanda na televisheni ndogo mpaka kituo cha polisi, akawaonyesha. Wakamwona Etyang wazi: shingo mbele, macho mbele, mwanamume anayeijua kazi yake. Askari waliafikiana kwamba ni mwenye baiskeli aliyekatiza. Bwire, mkono umefungwa plasta, akaambiwa ndiye atakayeshtakiwa akitoka hospitalini, kwa kuendesha bila uangalifu.

Yadini, Egesa alimpiga Etyang mgongoni mbele ya watu. "Mnaona? Nilimkanya, akasikia. Shingo ngumu imelainika!"

Okwara hakucheka siku hiyo. Etyang alitamani angecheka.

Kesho yake, kabla ya jua kuwa kali, Loise alimwita Etyang kwenye chumba cha nyuma ya stoo. Alikuwa ameweka televisheni mbili. Kwenye moja Etyang alijiona katika safari za zamani, akigeuza kichwa kila mara kama kuku anayekunywa maji. Kwenye ya pili alijiona siku ya ajali, ameganda.

"Huyu na huyu ni mtu mmoja," Loise alisema. "Mashine inasema huyu mbaya amekuwa mzuri. Mimi nimewatazama tangu juzi. Huyu mbaya hakugonga mtu. Kwa nini?"

"Uliza mashine yako. Si ndiyo inajua?"

"Haijui kwa nini. Inajua tu nilichoionyesha." Alimsogelea. "Watu wakitaka kuona kando, wanageuza macho kwanza. Wewe unageuza shingo yote. Na hapa, taa ya gari la mbele ikikupiga, jicho la kulia linafinyika. La kushoto halifinyiki."

"Madam, mimi nina kazi."

"Shika!"

Loise alikuwa amerusha shada la funguo kutoka upande wa kushoto. Etyang hakuinua hata kidole. Funguo zilimpiga shavuni zikaanguka sakafuni.

Damu ilimpanda Etyang. Alimshika Loise mkono wa nguo akamsukuma mpaka mezani, televisheni zikatikisika. "Ukisema neno moja," alimwambia, "ukisema neno moja, wewe msichana..."

"Utanifanya nini? Utanigonga? Umeshamgonga mtu." Sauti yake ilitetemeka, lakini si kwa woga. "Nilitengeneza hii kitu ili nyinyi msiweze kusema hamkuona. Sasa ndiyo inakushuhudia. Inasema uliona! Nenda useme mwenyewe, la sivyo naenda mimi."

"Nenda. Waambie polisi mashine yako ni mwongo. Waambie wewe ndiye uliifundisha, wewe uliiambia kila anayegeuza kichwa ni mkosaji. Mimi nilikuwa nageuka, Madam. Ni nyinyi mlinikataza."

Hilo lilimwingia Loise. Etyang aliliona likimwingia, akafurahi kwa furaha mbaya, akatoka.

Loise hakwenda polisi. Alikwenda kwa Egesa. Jioni Egesa akamwita Etyang, akafunga mlango.

"Huyo msichana ameniambia habari ya jicho," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Etyang. "Mimi sijasikia. Unanielewa? Kanda imesema, polisi wamekubali, bima wamekubali. Nikisema nilimpa kipofu lori, ni mimi nitafungwa. Kwa hiyo wewe utaendelea kuendesha, kama kawaida. Na ukiacha, watu watauliza kwa nini umeacha. Huachi."

Kazi ambayo Etyang alikuwa amelificha jicho ili asiipoteze, sasa alikuwa amefungwa nayo kama ng'ombe kwenye plau.

Siku ya safari, Opolot alikuja getini bila begi.

"Sipandi, shemeji."

"Nani ataniangalilia kushoto?"

"Hakuna. Hakukuwa na mtu hata ile siku. Nilikuwa chini naokota makaratasi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada yangu anajua. Nimemwambia Amuron jana. Amesema kama unataka kuua watu, uende ukaue peke yako, asikupikie."

Etyang alimtukana kwa Kiteso, tusi ambalo shemeji hamwambii shemeji, akapanda peke yake.

Njia nzima hadi Malaba aligeuza shingo, hakujali tena kamera. Lakini sasa alikuwa mwoga, na mwoga akigeuka kushoto anaogopa kilicho mbele, akirudi mbele anaogopa kilicho kushoto. Alikwenda mwendo wa mkokoteni. Magari nyuma yalipiga honi. Adungosi, waendesha baiskeli walilitambua lori, wakasimama wima juu ya pedali wakimlaani mpaka alipopita.

Kwenye foleni ya Malaba, karibu na geti la mpaka, malori yalijipanga pua kwa mkia na boda boda zikijipenyeza pembeni kama siafu, zikivusha watu na magunia hadi Uganda. Lori la mbele lilisogea. Nafasi ikafunguka. Etyang aliweka gia, akageuka kushoto: baiskeli tatu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Akangoja. Akageuka mbele, akageuka tena: watu wengine. Kila alipotoa jicho pale, alijua pamejaa watu asiowaona. Mguu wake ulikataa kuachia klachi.

"Wewe! Songa!" dereva wa nyuma alifoka. "Umelala?"

"Toa hiyo takataka!" mwingine akapiga honi bila kuinua mkono.

Askari wa forodha alikuja akagonga mlango kwa rungu. "Mzee, peleka gari mbele!"

"Siwezi," Etyang alisema.

"Imeharibika?"

"Gari ni nzima."

Alizima injini. Honi ziliongezeka, mbele na nyuma, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Alifungua mlango, akashuka, akaziacha funguo mahali pake, akatembea kati ya matusi hadi kituo cha polisi.

Sajini wa zamu alikuwa ndiye yule aliyeitazama kanda. Alimsikiliza Etyang uso umekunjamana.

"Hiyo kesi tumemaliza. Mashine imekutetea. Sasa wewe unataka nini, mzee? Unatafuta jela?"

"Mashine iliangalia shingo. Haikuangalia jicho." Etyang aliziba jicho la kulia kwa kiganja. "Niulize uko wapi."

"Nenda nyumbani."

"Niulize!"

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Sajini alizunguka meza kimya kimya, akaenda kusimama pembeni kabisa. Etyang alibaki akiikabili meza tupu, akiiambia, "Mimi ndiye nilimgonga yule mtu. Alikuwa kwa ukingo." Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Yesu wangu, anaongea na kiti."

Hapo ndipo waliandika.

Mambo yalimwendea kama alivyojua yatamwendea. Leseni ilichukuliwa, korti ikamtia hatiani, akakaa ndani kwa kipindi kifupi. Mashtaka ya Bwire yalifutwa. Egesa aliapa mbele ya hakimu kwamba hakujua lolote. Loise akaitwa, akasema Egesa alijua, kwa kuwa yeye Loise ndiye aliyemwambia, mlangoni pake. Siku iliyofuata kompyuta yake ilikuwa nje ya geti kwenye matope, na kanda zote juu yake.

Loise alikutana na Etyang kwenye ngazi za korti, askari akimwongoza Etyang.

"Usidhani nitakushukuru," Loise alisema.

"Sijakuomba shukrani."

"Watu wote sasa wanasema mashine yangu ni takataka. Kwa sababu yako."

"Uliifundisha kwamba Okwara ni dereva mzuri," Etyang alisema. "Hiyo nayo ni sababu yangu?"

Loise alimtazama kwa chuki ileile ya siku ya ngazi ya stoo. Kisha akasema, polepole, "Nitaanza upya. Nitatafuta madereva wengine wa kuionyesha," akashuka ngazi bila kumuaga.

Alipotoka jela, Etyang alikwenda Adungosi kwa miguu kumwona Bwire. Mkewe Bwire, Nasambu, alikuwa anaanika mtama uani. Alipomtambua, hakuitikia hodi. Alimwaga maji machafu karibu na miguu yake, akaendelea na kazi. Bwire alitoka mwenyewe. Mkono ulikuwa umepona vibaya, umepinda kwenye kiwiko, hauwezi tena kushika usukani wa baiskeli.

"Nimekuja kuomba msamaha," Etyang alisema.

"Ni jicho gani?"

"La kushoto."

Bwire aliwaza. "Kwa hivyo ulijua. Kila siku ukipita hapa, ulijua hutuoni."

"Nilikuwa nageuka."

"Hiyo siku ulikosa kugeuka."

Etyang alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga jela, ya kamera, ya Egesa, ya kanda mbaya na kanda nzuri. Yote yalikuwa kweli. Alipoyatafuta hayakuja.

"Hiyo siku nilikosa kugeuka," alisema.

"Toka kwangu," Bwire akamwambia.

Etyang hakuendesha tena. Alipata kazi ya kupakua magunia Malaba, na Amuron akaanza kumpikia tena baada ya muda, ingawa Opolot hakumwita shemeji kamwe. Boda boda za Adungosi hazikumbeba. Akitaka kwenda Busia alitembea, siku nzima, ndani kabisa ya majani ya ukingoni, na waendesha baiskeli wakimpita walipiga kengele zao kwa nguvu sikioni mwake upande wa kushoto, wakamwona akishtuka.